Bandeji za kubana zilivyofunga donda langu la mguu

Kidonda kilianza kama mchubuko tu, juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kwa miezi 9 nilikipaka kila nilichoambiwa: asali, unga wa vidonge vya antibiotiki, hata spiriti (usithubutu). Watu wakaanza kukiita donda ndugu.

Muuguzi wa kliniki ya vidonda hakukimbilia kidonda. Alitazama mguu mzima: umevimba, mishipa imetuna kama kamba, ngozi imegeuka kahawia. Kidonda chenyewe kipana, hakina kina, kinavuja maji. Akasema ni cha vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni; damu inashindwa kupanda, inatuama chini. Cha kisukari, akaniambia, hupenda kukaa unyayoni, kimezungukwa na sugu, na mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu. Cha ateri, yaani mishipa inayoleta damu mguuni, hutokea vidoleni au kisigino, kingo kama zimekatwa kwa patasi, mguu wa baridi, na usiku maumivu humlazimisha mtu kuuning'iniza mguu nje ya kitanda.

Hata hivyo hakutegemea macho peke yake. Alipima presha ya mkononi na ya kifundoni kwa kifaa cha Doppler, kinachosikiliza damu ikipita mshipani, akagawanya ya mguu kwa ya mkono. Nikapata 1.0. Ingekuwa chini ya 0.8, asingethubutu kunibana kwa nguvu kamili, maana mguu wenye damu haba ukibanwa unaweza kuoza. Kwa kipimo hicho tu nawapa alama zote.

Bandeji ni tabaka 4, kutoka vidoleni hadi chini ya goti, zinabadilishwa kila wiki. Zina joto, zinawasha, na kiatu hakiingii. Antibiotiki sikupewa hata kidonge: hakukuwa na homa, usaha wala wekundu unaosambaa. Uvimbe ulishuka kwanza, kisha nyama nyekundu ikaanza kujaa kutoka chini. Wiki ya 14 kikafunga.

Lawama ninayo moja. Siku moja alinifunga mwanafunzi, na usiku vidole vikafa ganzi, vikawa vya bluu. Nikaifungua mwenyewe. Kesho yake nikaambiwa nilifanya sawa. Mbona hawakunieleza tangu siku ya kwanza?

Sasa navaa soksi za kubana kila asubuhi kabla sijashuka kitandani, mguu haujavimba. Kuzivaa ni mieleka, na mara nyingine soksi ndiyo inayoshinda.