Casio fx-991ES PLUS kwenye pembetatu za tufe: uzoefu wangu nikiwa Dodoma

Nianze na hukumu yangu. Kwa mtu anayetafuta kibla, masafa kati ya miji miwili au mwelekeo wowote juu ya uso wa dunia, kalkuleta hii inatosha na inabaki. Sababu kubwa ni amri ambayo wanafunzi wangu wengi hawaigusi tangu wainunue mpaka wamalize shule: Pol.

Nafundisha hisabati sekondari hapa Dodoma. Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya dunia kama tufe, tunakokotoa masafa kati ya miji iliyo kwenye longitudo moja, au kwenye latitudo moja. Ni mada nzuri, ila inaishia pale ambapo maswali ya kweli yanaanza, kwa sababu miji miwili uliyoichagua mwenyewe mara nyingi hailingani kwa latitudo wala kwa longitudo. Hapo unahitaji pembetatu ya tufe, yaani iliyochorwa juu ya uso wa tufe, na mara nyingi ni ile mshazari, isiyo na pembe hata moja ya nyuzi 90. Ile yenye pembe mraba ina njia zake za mkato ambazo mwanahisabati wa Scotland, John Napier, alizitoa mwaka 1614. Mshazari haina huruma hiyo.

Kilichonifanya niifanyie kalkuleta hii kazi nzito ni wazee wa msikiti mmoja mdogo uliokuwa unajengwa Nkuhungu. Mstari wa msingi ulikuwa bado haujachimbwa. Simu tatu za vijana zilikuwa zimetoa kibla tatu tofauti, na mzee aliyesimamia ujenzi akaniambia, "Mwalimu, tufanyie hesabu tuione kwa macho yetu, tusije tukasali kwa kukisia." Nikamjibu, "Sawa mzee wangu, nitaiandika yote kwenye karatasi." Simu zenyewe sizilaumu sana. Dira ya simu hufuata sumaku ya dunia, ambayo haielekei kaskazini ya kweli, na pale palikuwa na rundo la nondo pembeni.

Pembetatu yenyewe ni hii: pembe ya kwanza ipo Ncha ya Kaskazini, ya pili Dodoma, ya tatu Makka. Dodoma tuko latitudo nyuzi 6 na dakika 10 kusini, longitudo nyuzi 35 na dakika 45 mashariki. Kaaba iko nyuzi 21 na dakika 25 kaskazini, nyuzi 39 na dakika 50 mashariki. Kutoka Ncha hadi Dodoma ni 90 ukijumlisha 6°10′, yaani 96°10′. Kutoka Ncha hadi Makka ni 90 ukitoa 21°25′, yaani 68°35′. Pembe iliyo Nchani ni tofauti ya longitudo, 4°05′. Una pande mbili na pembe iliyo katikati yake, na kanuni ya kosaini inakupa upande wa tatu.

Kwenye kalkuleta, kwanza hakikisha herufi D (ya nyuzi) inaonekana juu ya kioo. Isipoonekana, bonyeza SHIFT, MODE, kisha 3. Kitufe cha nyuzi na dakika kinakuondolea kazi ya kugawanya kwa 60, na hilo pekee limeokoa muda mwingi darasani kwangu. Nikahifadhi latitudo mbili na tofauti ya longitudo: A = −6°10′ (Dodoma; kusini ni hasi), B = 21°25′ (Makka), C = 4°05′. Kisha:

cos⁻¹(sin A sin B + cos A cos B cos C)

Jibu ni 27.87, yaani 27°52′ za duara kuu, ile njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Zidisha kwa dakika 60 upate maili za baharini 1,672 hivi, na kila maili ni kilomita 1.852, kwa hiyo kama kilomita 3,097.

Masafa tumeyapata, ila wazee walitaka mwelekeo, na hapa ndipo mtu anapoweza kuumia. Wengi hukimbilia kanuni ya saini (saini ya upande kugawanya kwa saini ya pembe inayoutazama ni namba ileile kwa pande zote) kwa kuwa ni fupi. Jaribu kutafuta kwa njia hiyo pembe iliyo Makka: kalkuleta itakupa 8.71. Inaonekana jibu zuri kabisa, lakini si lenyewe. Saini ya 8.71 na saini ya 171.29 ni namba ileile, na sin⁻¹ hurudisha ile ndogo tu. Upande unaoitazama pembe ya Makka, ule wa 96°10′, ndio mrefu kuliko yote, kwa hiyo pembe hiyo lazima iwe kubwa kuliko zote. Pembe ya kweli ni 171°17′. Jumlisha pembe zote tatu utapata 183°31′, na ndivyo inavyotakiwa: juu ya tufe pembe za pembetatu huzidi 180 daima. Ukichukua ile ya 8.71, jumla haifiki hata 21. Jambo hili mashine haitakuambia, hata ungenunua ya bei ya gari, kwa hiyo jumla ya pembe iwe ukaguzi wako wa kila siku.

Sasa Pol. Amri hii (SHIFT, kisha +) hugeuza hatua za kaskazini na za mashariki kuwa umbali na mwelekeo. Andika:

Pol(cos A sin B − sin A cos B cos C, cos B sin C)

Sehemu ya kwanza ni kaskazini, ya pili mashariki. Inatoa majibu mawili kwa pamoja, r na θ. θ ni 8.15, yaani nyuzi 8 na dakika 9 mashariki ya kaskazini, na hiyo ndiyo kibla ya Dodoma. r ni 0.4675. Usiitupe hiyo namba, kwa sababu inatakiwa ilingane na saini ya yale masafa, na sin 27.87° kweli ni 0.4675. Kwa hiyo hesabu moja imekupa mwelekeo na shahidi wake. Sijaona kitu kinachonifurahisha zaidi kwenye mashine ya ukubwa huu.

Uzuri mwingine wa Pol ni kwamba inajua uko robo ipi ya dira. Jaribu Dodoma kwenda Dar es Salaam, nikiichukulia Dar kuwa 6°48′ kusini na 39°17′ mashariki. Ukigawanya mashariki kwa kaskazini na kuchukua tan⁻¹ unapata −79.6, yaani magharibi, kuelekea pande za Tabora! Pol inatoa 100.4, mashariki na kusini kidogo, kama kila msafiri wa njia ile anavyojua. Masafa ya moja kwa moja yanakuja karibu kilomita 396.

Kuna watakaouliza kama nyuzi 8 zina maana yoyote, kwa kuwa hapa Dodoma wengi husema kibla ni kaskazini, basi. Kwa masafa yetu, kosa la nyuzi moja linakupitisha kama kilomita 52 pembeni ya Kaaba. Ukielekea kaskazini kamili, mstari wako unafika latitudo ya Makka ukiwa bado Sudan, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kaaba. Yanayohusu hukumu ya sala nawaachia masheikh, mimi nasemea hesabu.

Kwenye kiwanja tuliitafuta kaskazini ya kweli kwa njia ya zamani: kijiti wima, duara kukizunguka, alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na inapoligusa tena mchana, kisha mstari kutoka shina la kijiti hadi katikati ya alama hizo mbili. Kutoka kwenye mstari wa kaskazini wenye urefu wa mita 10, tukapima mita 1 na sentimita 43 kwenda mashariki kwa pembe mraba, kwa sababu tan 8°09′ ni 0.143. Kamba ikavutwa, wazee wakaridhika, fundi akaanza kuchimba.

Uthibitisho mzuri kuliko wote haugharimu chochote. Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini pa Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Saa za Makka ni sawa na zetu, hivyo huna cha kubadilisha. Dakika ile, kutoka kwenye ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la kijiti ndiyo kibla. Ni miezi ya kiangazi, na anga letu la Dodoma huwa jeupe. Na kalkuleta inakwambia mapema urefu wa kivuli: kijiti cha mita 1 kitatoa tan 27.87°, kama sentimita 53. Nilipima Mei na futi ya fundi, ikakubali.

Nimefundisha pia kwa kitabu cha majedwali, kile cha tarakimu nne, na nakiheshimu. Kwa masafa mafupi, hata hivyo, kanuni ya kosaini hufa ndani yake. Chukua sehemu mbili za mji zilizoachana kilomita 2. Kosaini ya pembe yake ni 0.9999999507, na jedwali litasoma 1.0000, yaani umbali sifuri. Kalkuleta hii hukokotoa kwa tarakimu 15 ndani kwa ndani, kwa hiyo zile kilomita 2 zinabaki. Al-Biruni, mwanazuoni wa hisabati na nyota aliyezaliwa mwaka 973, aliitafuta kibla ya Ghazna, mji ulioko Afghanistan ya leo, bila msaada wa namna hii, na kila ninaposhika mashine namkumbuka kwa heshima.

Mipaka yake ni hii. Ukiandika kanuni ndefu na kutumia CALC, itakuuliza thamani za A, B na C na kukupa jibu papo hapo, safi sana ukiwa na miji mingi. Ukizima, kanuni inafutika. Thamani ulizohifadhi ndizo hubaki. Kwa hiyo kanuni zile mbili nimezibandika ndani ya kifuniko. Hii si mashine ya kuandikia programu, na anayepima viwanja kutwa atahitaji kitu kingine. Kwa mwalimu, mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, imamu au mtu wa kamati ya msikiti, sioni haja ya kuongeza gharama. Inatumia mwanga na betri ndogo ya LR44, hivyo umeme ukikatika haikusumbui.

Ukienda dukani, usitoe hela kabla ya kuandika Pol(−1, 1). Lazima θ iwe 135. Kisha weka A = 0, B = 0, C = 90 kwenye kanuni ya masafa: jibu ni 90 kamili. Ikitoa kitu kingine, na D inaonekana kwenye kioo, irudishe kwenye boksi.