QS, THE au Shanghai: orodha ipi inamfaa anayechagua chuo?

Orodha tatu zinazopanga vyuo vikuu vya dunia kwa nafasi ndizo zinazofunguliwa sana na anayechagua chuo kikuu: QS, Times Higher Education (THE) na ile ya Shanghai (ARWU). Zote husomwa bure mtandaoni. Na zote tatu zina kasoro moja: ile nafasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa pembeni ya jina la chuo ndiyo yenye msaada mdogo kuliko vyote kwa mwanafunzi. Cha maana kimejificha kwenye vigezo.

Ya Shanghai, iliyotoka mara ya kwanza 2003, ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Asilimia 30 ya alama ni Tuzo za Nobel na Medali za Fields (tuzo kubwa ya hisabati): 20 za wahadhiri, 10 za wahitimu. Asilimia 20 ni makala katika majarida ya Nature na Science, 20 watafiti wanaonukuliwa sana, 20 wingi wa machapisho, na 10 ni alama za vigezo hivyo vyote zikigawanywa kwa idadi ya wahadhiri. Tafuta ufundishaji humo, hutauona. Kwa anayetaka kusomea uzamivu wa fizikia ni orodha nzuri. Kwa anayeanza shahada ya kwanza ya uhasibu, haina la kumwambia.

QS huuliza watu: asilimia 30 ni maoni ya wanataaluma, 15 ya waajiri. Karibu nusu ya alama, basi, ni umaarufu. Chuo kidogo kinachofundisha vizuri lakini hakijulikani mbali hakina pa kushika hapo. Uwiano wa wanafunzi na wahadhiri ulikuwa na uzito wa asilimia 20, ukashushwa hadi 10 katika toleo la 2024, na vigezo vipya vikaingizwa. Toleo hilohilo, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliruka kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10. Madarasa yake hayakugeuka kwa mwaka mmoja. Mizani ndiyo iliyogeuzwa. Kwa hiyo usifurahie chuo “kilichopanda” kabla ya kusoma ukurasa wa vigezo wa mwaka huo. Na uwiano wenyewe ni wastani wa chuo kizima: kitivo cha tiba chenye wahadhiri wengi huupendezesha, huku wanafunzi wa biashara wakisongamana ukumbini.

THE hujitangaza kuwa inapima ufundishaji, kwa asilimia 29.5. Ifungue hiyo 29.5 uone: 15 ni maoni ya wanataaluma tena, uwiano wa wanafunzi na wahadhiri ni 4.5 tu, na zilizobaki ni idadi ya shahada za uzamivu na mapato ya chuo. Sifa yake moja ni kwamba kuanzia nafasi ya 201 huviweka vyuo katika makundi, kama 201–250, badala ya kujifanya inajua tofauti ya wa 212 na wa 213.

Takwimu nyingine hutoka kwa vyuo vyenyewe, na hapo ndipo panapovuja. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Columbia kilishuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 katika orodha ya U.S. News ya Marekani, baada ya profesa wake wa hisabati kuhoji takwimu kilizowasilisha.

Ukiamua kuzitumia, achana na orodha ya jumla. Fungua ya somo lako, upange kwa kigezo kimoja kimoja, uchukue majina sita au saba. Kazi ya orodha imeishia hapo. Ithibati ya programu (ya programu, siyo ya chuo tu) ihakikishe kwenye tovuti ya mamlaka inayoitoa; kama fani ina bodi ya taaluma, angalia kama inamtambua mhitimu wa programu hiyo. Hakuna orodha kati ya hizi inayokuonyesha hilo, na ndilo linalowaumiza watu wakishamaliza masomo.

Kisha iandikie idara, siyo ofisi ya udahili. Waulize walioanza walikuwa wangapi na waliomaliza kwa wakati ni wangapi. Nani hufundisha masomo ya mwaka wa kwanza. Mafunzo kwa vitendo ni ya wiki ngapi, na nafasi hutafutwa na chuo au na mwanafunzi mwenyewe. Ukitumiwa kipeperushi badala ya namba, uliza mara ya pili, kisha kata jina hilo.