Pedali za ovadraivu na distosheni: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Pedali yangu ya kwanza ya distosheni, kile kisanduku cha kukanyaga kinachochafua sauti ya gitaa la umeme, niliinunua kwa kusikiliza amplifaya ya watu. Dukani ilichomekwa kwenye amplifaya kubwa ya valvu (taa za kioo za kizamani zinazokuza sauti) yenye spika nne, muuzaji akapandisha sauti mpaka kioo cha kabati kikaanza kutetemeka, nami nikatoa pesa bila hata kubishana bei. Nyumbani nilikuwa na amplifaya ndogo ya transista, spika moja ya inchi nane. Nikachomeka, nikakanyaga, ikatoka sauti ya nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Kesho yake nikairudisha nikidai ni mbovu. Muuzaji akaichomeka palepale, ikanguruma kama jana, nikaondoka nayo kichwa chini.

Ndiyo maana orodha hii haianzi na majina. Inaanza na amplifaya yako, kwa sababu pedali ileile inaweza kuwa dhahabu kwa jirani na takataka kwako.

Pedali zote za aina hii zina kazi moja. Hupandisha wimbi la gitaa mpaka ligonge dari, kisha kichwa cha wimbi kikatwe. Ukifungua kifuniko utawaona wakataji wenyewe: dayodi, mara nyingi vipande viwili au vitatu vya kioo, vidogo kama punje ya mchele, kila kimoja na mstari mweusi upande mmoja. Za silikoni huanza kukata kwenye voti 0.6 hivi, za gemaniamu mapema zaidi, karibu 0.3. Zikiwekwa ndani ya mzunguko wa chipu inayopandisha sauti, hukata kwa upole na kingo za wimbi hubaki na umviringo. Hiyo ndiyo ovadraivu. Zikiwekwa baada ya chipu, zikamwaga kila kinachozidi kwenye ardhi ya saketi, hukata kwa panga. Hiyo distosheni. Fazi, aina ya tatu, huendelea mpaka wimbi linakaribia kuwa mraba, na hapo hata kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya nyuzi tatu huanza kusikika kama msumeno.

Sasa jiulize: amplifaya yangu ni ya valvu, na huwa naiweka pale inapoanza kukwaruza kidogo? Basi unatafuta ovadraivu ya kuisukuma, na uchafu mwingi utatoka kwenye valvu zenyewe. Au ni ya transista, safi kama maji, au unapitia kompyuta? Basi pedali ndiyo itakayobeba kila kitu, na unahitaji inayoweza kusimama peke yake. Ukichanganya hayo mawili, utatumia miaka ukinunua na kuuza.

Nilivyozipanga, kwa gitaa la kawaida:

1. ProCo RAT. Ingekuwa lazima nibaki na moja tu, ni hii. Ilizaliwa Kalamazoo, Michigan, mwishoni mwa miaka ya 1970, na inayouzwa zaidi siku hizi ni RAT 2. Ina nobu tatu na kisanduku cha chuma ambacho unaweza kupigia msumari. Ubora wake ni upana. Geini (kiasi cha uchafu) ikiwa chini kabisa ni ovadraivu yenye ukali kidogo, katikati ni distosheni ya roki, ikifika mwisho inaingia kwenye nchi ya fazi. Na haiulizi unatumia amplifaya gani. Nobu moja huwachanganya wageni: Filter hufanya kazi kinyume, ukiizungusha kulia inapunguza sauti za juu badala ya kuziongeza. Nimewaona watu wanaizungusha kushoto kabisa "ili itulie", halafu wanalalamika kwamba inachoma masikio. Wenye hela watakuambia utafute ya zamani yenye chipu ya LM308. Tofauti ipo, ila dramu zikianza huisikii.

2. Boss SD-1. Ya njano, inatengenezwa tangu 1981, na huwa miongoni mwa za bei ya chini kabisa kwenye rafu. Ndani ina dayodi tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, kwa hiyo juu ya wimbi na chini yake havikatwi sawa. Sikio husikia hilo kama uchangamfu fulani. Mbele ya amplifaya ya valvu ni ndoto. Mbele ya amplifaya safi ya transista inasikika nyembamba, na ukiwa na ya namna hiyo ishushe mpaka nafasi ya tano.

3. Boss BD-2 Blues Driver. Ya bluu, ilitoka 1995. Hii ni ya mtu anayepiga kwa vidole na anajua kutumia nobu ya sauti kwenye gitaa lenyewe. Piga kwa upole, inabaki safi; gonga kwa nguvu, inafoka. Haikati besi sana kama SD-1 ya njano na Tube Screamer ya kijani inayofuata hapa chini, ndiyo maana huishi vizuri kwenye amplifaya safi. Kasoro yake ni sauti za juu. Ukiwa na gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja, toni usiivushe katikati.

4. Ibanez Tube Screamer. Najua kuna watu watanikasirikia kwa kuiweka ya nne. TS808 ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, TS9 ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpiga gitaa wa bluzi Stevie Ray Vaughan akaifanya sala, na tangu hapo karibu kila kampuni ina ya kijani yake. Kazi yake hasa ni kukata besi na kuinua sauti za kati, kilele kikiwa karibu na Hz 720 (mitetemo 720 kwa sekunde). Ndiyo siri ya solo zake kupenya katikati ya bendi. Wapiga metali nao waligundua matumizi mengine: geini sifuri, level (nobu ya sauti) juu kabisa, mbele ya amplifaya ambayo tayari imechafuka sana. Besi iliyovimba inakatwa, na mapigo ya ridhimu yanakuwa makavu kama kuni za kiangazi. Lakini mtu anayeinunua kwa ajili ya amplifaya ndogo safi, akitarajia distosheni, atapata kitu kinachofanana na mtu mwenye mafua. SD-1 inafanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa pesa kidogo. Kwangu hilo lilitosha kuishusha.

5. Boss DS-1. Ya rangi ya chungwa, 1978, na Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana aliitumia. Watu huidharau kwa sababu ni ya bei nafuu na kila mtu amewahi kuwa nayo. Tatizo ni toni yake. Ukiizungusha kulia hujaza chumba na nyuki. Iweke chini ya katikati. (Hapa pana mtego wa lugha. Maelekezo mengi ya kigeni hutaja nobu kwa saa, na "saa tisa" yao ni pale penye namba 9 kwenye uso wa saa, yaani kushoto. Usiifuate kwa saa zetu, utaipeleka kulia na kuchoma masikio.) Ikiwekwa vizuri ni pedali ya heshima, hasa kwa kodi za nyuzi mbili.

6. Electro-Harmonix Big Muff. Hii kwa kweli ni fazi, lakini hukaa kwenye rafu moja na hizi na watu huinunua wakidhani ni distosheni. Noti moja inaning'inia mpaka unachoka kusubiri iishe. Peke yako chumbani utajiona mfalme. Ukiingia kwenye bendi unapotea, kwa sababu sauti za kati zimechimbwa shimo, na hapo katikati ndipo gitaa linapoishi. Nunua ikiwa unaijua. Usiifanye ya kwanza.

7. Boss MT-2 Metal Zone. Imekuwapo tangu 1991 na imetaniwa karibu muda wote huo. Mimi siitanii. Ina geini ya kutosha nyumba nzima na nobu za ekwalaiza zilizobebana moja juu ya nyingine, pamoja na ya kuchagua ni sauti gani ya kati uiinue au uishushe. Wengi hushusha za kati zote, wakapandisha besi na za juu, kisha wakailaumu pedali. Jaribu kinyume chake. Na amplifaya yako ikiwa na tundu la kurudishia efekti ("return") upande wa nyuma, chomeka pedali hapo badala ya mbele. Utadhani umebadilisha kifaa.

Klon Centaur, ovadraivu inayosifiwa kuliko nyingi, haimo kwenye orodha kwa makusudi. Mtengenezaji wake, Bill Finnegan, alianza kuiuza 1994, zikatengenezwa chache, na leo bei zake za mkono wa pili ni za mtu anayenunua gari. Ufundi wake ni kuchanganya sauti safi na iliyokatwa, kwa dayodi za gemaniamu. Nakala za bei ya kawaida, kama Soul Food ya Electro-Harmonix, zinakupa karibu yote hayo, na unaweza kuikanyaga bila mkono kutetemeka.

Gitaa la besi ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Uzi wa E, ule mnene, wa gitaa la kawaida unapiga karibu Hz 82. Wa besi unapiga Hz 41, na ukiwa na uzi wa tano, B iko karibu na 31. Rudi kwenye ile Hz 720 ya Tube Screamer, uone kilichobaki chini yake. Mpiga besi anakanyaga, sauti inakuwa kali na ya kupendeza karibu yake, lakini waliosimama mbele wanasikia sakafu ya wimbo imeondolewa. Nilifanya hivyo kwenye mazoezi mara moja. Mpiga dramu aliacha kupiga, akageuka kuangalia kama kebo yangu imechomoka.

Kwa hiyo pedali ya besi iwe na nobu au swichi ya kuchanganya, inayoacha sauti safi ipite chini ya ile chafu. Isipokuwa nayo, irudishe rafuni hata kama imeandikwa "bass" kwa herufi kubwa. Ya kwanza kwangu ni Tech 21 SansAmp Bass Driver DI. Si chafu kuliko zote, lakini ina tundu la kwenda moja kwa moja kwenye mikisa, na siku amplifaya inapokufa dakika kumi kabla ya kupanda jukwaani, utamaliza onyesho bila mtu kujua. Ya pili ni B7K ya Darkglass, kampuni ya Helsinki. Ikiwa unapiga metali ya kisasa, iweke ya kwanza bila kuniuliza. Sauti ya ule mngurumo wa chuma imetoka huko. Bei yake inauma. Ya tatu, Bass Big Muff, ina swichi ya kuongeza sauti safi na kwa fazi sijaona ya bei hiyo inayoishinda. Ya nne ni Boss ODB-3, ambayo ina nobu ya uwiano, lakini sauti zake za juu ni kali mno na utatumia muda mwingi kuzinyamazisha.

Umeme haufurahishi, ila unaua pedali. Karibu zote hapo juu hutumia voti 9, hasi katikati ya plagi. Fazi kadhaa za mtindo wa kale ni chanya katikati, kwa hiyo tazama mchoro mdogo ulio karibu na tundu kabla ya kuchomeka. Adapta ya voti 18 usiiguse mpaka kijitabu kiseme. Ukitumia betri, kumbuka kwamba kwenye nyingi ya hizi kuacha kebo kwenye tundu la kuingizia ni sawa na kuacha taa inawaka. Betri itaendelea kuliwa hata kama hupigi.

Ukinunua ya mtumba, beba gitaa lako, na ikiwezekana amplifaya yako. Zungusha kila nobu polepole ukiwa umeiwasha: mkwaruzo mdogo ni vumbi, lakini sauti ikikatika kabisa mahali fulani, nobu imechoka. Kanyaga swichi mara ishirini, usiishie tatu. Shika plagi kwenye tundu, uitikise kidogo. Kisha piga uzi mnene mara moja na uuache ufe wenyewe, ukisikiliza mwisho wake: iliyo nzima hufifia taratibu mpaka kimya, yenye hitilafu hukohoa na kukatika ghafla. Ukishasikia hivyo, punguza sauti ya gitaa hadi nusu na upige tena. Ikiwa unaipenda hapo, na si pale tu ilipokuwa imefunguliwa yote, lipa.