Samadari ya bibi imesimama tena: fundi wa Mwembetanga

Namsifu fundi seremala mmoja wa Mwembetanga, hapa Unguja, na nimesubiri nilalie kazi yake mwezi mzima kabla ya kusema.

Kitanda ni samadari ya bibi mzaa mama. Matendegu yake ya kukerezwa ni marefu, mtoto hapandi bila kukanyaga kigoda. Mama yangu kazaliwa juu yake. Mimi na dada yangu tulilala na bibi, na mchana wa jua kali tukihamia uvunguni, kwenye sakafu ya baridi, kati ya sanduku lake la kanga na mapakacha ya nazi. Mpaka leo nikisikia harufu ya udi narudi uvunguni mle.

Tulipohama nyumba, mfumbati mmoja, yaani ubao wa ubavuni, ulipasuka. Karakana ya kwanza niliyoipelekea ikaniambia tukate matendegu yalingane na vitanda vya siku hizi, kisha tukaze kwa boliti. Nilibeba mbao zangu nikarudi nazo nyumbani, koo limenikaba.

Huyu wa Mwembetanga alichuchumaa, akakwaruza upande wa ndani kwa ukucha, akanusa. "Msaji huu, mwanangu. Usimpe mtu msumeno." Akanionyesha kitu nisichokijua miaka yote: samadari haina msumari hata mmoja. Ulimi wa mfumbati unaingia kwenye tundu la tendegu, na uzito wa mlalaji ndio unaoukaza. Wadudu hawakuugusa msaji. Walichokula ni chaga za msonobari zilizowekwa baadaye, zilikuwa zimebaki unga.

Ufa aliuchonga, akapachika kipande cha msaji cha mlango wa zamani, na nyuzi za mbao zimeelekea upande mmoja na zile za mwanzo. Lazima upitishe kidole ndipo uujue. Chaga kaweka za mninga. Nilimwomba vanishi ya kung'aa, akakataa katakata. Alipiga msasa kwa mkono, kisha polishi kwa kitambaa, tabaka baada ya tabaka. Alama za meno ya dada yangu kwenye mfumbati aliniuliza kwanza kama azifute. Nilisema aziache. Kwa swali lile tu ningemlipa mara mbili.

Alitaka shilingi 420,000, nusu kwanza. Kuchelewa alichelewa: wiki mbili zikawa tano, na masika yakazidisha kwa kuwa polishi haikauki vizuri hewa ikiwa na unyevu. Simu hapokei akiwa kazini. Kuja kuiunga nyumbani alikuja mwenyewe na kijana wake, hawakudai nauli.

Binti yangu ana miaka minne. Usiku wa kwanza aligoma kulala juu, akatandika kanga yake uvunguni.

Ukimwendea, nenda baada ya alasiri. Asubuhi huwa Mwanakwerekwe kutafuta mbao.