Utitiri wanaokula mayai ya nzi kwenye banda la kuku: uzoefu wangu

Mfugaji wa kuku akisikia utitiri anawaza hasara, kwa hiyo nianze na hilo. Hawa niliowanunua si wale wanyonya damu wanaojificha kwenye nyufa za banda. Ni Macrocheles muscaedomesticae, vijidudu vya kahawia visivyozidi milimita moja hivi. Hawa hawamgusi kuku. Wanachotafuta ni mayai ya nzi na funza waliotoka kuanguliwa.

Nafuga kuku wa mayai kwenye vizimba, na samadi hurundikana chini kwa miezi. Dawa ya kupulizia ilikuwa ikiangusha nzi leo, kesho kutwa wamejaa tena, kwa sababu ikimwagika kwenye samadi inaua na wadudu wanaokula mayai yao, na hao huchelewa kurudi kuliko nzi.

Mzigo ulifika salama, utitiri wakiwa wamechanganywa na unga wa mboji. Niliwamwaga siku hiyohiyo juu ya marundo, maana ndiko nzi wanakotaga. Maelezo ya muuzaji yalikuwa hafifu mno: hakuna hata sentensi moja kuhusu unyevu, na unyevu ndio kila kitu.

Mwanzoni hutaona tofauti. Funza waliokwisha kunenepa hawaguswi, watageuka nzi tu, na kwenye joto yai huwa nzi ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Ukishika pampu ya dawa hapo, umetupa hela. Mimi natundika kadi nyeupe bandani na kuhesabu madoa ya kinyesi cha nzi kila wiki. Madoa 100 kwa kadi kwa wiki ni dalili kwamba hali imeharibika. Zangu zilikuwa zinapita hapo. Baadaye zikaanza kushuka, na sasa ziko chini sana, isipokuwa upande mmoja.

Upande huo bomba la maji lilikuwa linavuja. Samadi mbichi tayari ina maji kama asilimia 75 hadi 80; ukiongeza ya bomba inakuwa uji, nzi wanastarehe na utitiri hawakai. Bomba lilipozibwa na hewa ikapita vizuri, rundo likakauka juu na kusimama, na utitiri wakaenea wenyewe. Utitiri mmoja anaweza kumaliza hadi mayai 20 ya nzi kwa siku, lakini si ndani ya tope.

Kuzoa nako kuna namna yake. Sizoi samadi yote kwa mkupuo. Naacha tabaka kavu la sentimita 10 hadi 15, ama naruka safu moja moja, ili wabaki utitiri wa kuzaana kwenye samadi mpya.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa jambo ambalo muuzaji hawezi kukuambia: utitiri hawa hudandia nzi wakubwa na kusafiri nao, kwa hiyo rundo kuukuu lililokauka mara nyingi linao tayari, bure. Utitiri wa kununua wanamfaa mwenye banda jipya lisilo na samadi ya zamani. Banda langu lijalo nitachota ndoo kadhaa kutoka hili la sasa, ilimradi kuku wake hawana ugonjwa. Samadi ya jirani siichukui hata akinipa.