Darasa la kupanga uchezaji Dodoma: walimu wa kwaya, nendeni

Nimemaliza kozi ya jioni ya kupanga uchezaji hapa Dodoma mjini, upande wa Area C. Walimu wenzangu wa kwaya mmekuwa mkiniuliza kama inafaa, basi niseme niliyoyaona.

Ada ni shilingi 10,000 kwa jioni, mnaanza saa kumi na moja na nusu. Sakafu ni ya vigae, na vumbi letu likishaingia inateleza balaa. Vaeni raba.

Mafunzo yenyewe ni mazuri. Kwaya zetu nyingi zikicheza, wote stepu ileile, kwa wakati uleule, wima vilevile, kushoto kulia mpaka wimbo uishe. Kule mwalimu anachukua stepu moja tu, anaanza kuigeuza. Mnaicheza mkiwa wima, kisha magoti yamekunjwa, kisha chini kabisa. Mnaicheza taratibu, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji, halafu kwa kukata ghafla. Kisha mnapokezana: mstari wa mbele unaanza, wa pili unaingia baada ya mapigo manne, wa tatu manne mengine. Nilipowafundisha hilo sauti ya kwanza na ya pili kwenye kiitikio, mzee wa kanisa akaniuliza tumeongeza stepu ngapi. Hata moja!

Nadharia ni kidogo. Mtasikia habari za Rudolf Laban, aliyechapisha mwaka 1928 mfumo wa kuandika dansi kwa alama, kama sisi tunavyoandika nota. Alama zenyewe zilinipita. Ila mambo manne aliyotumia kuutazama mwendo, yaani uzito, wakati, nafasi na mtiririko, nimeyaandika nyuma ya daftari la nyimbo. Uchezaji ukipooza mazoezini, napitia moja baada ya jingine hadi nione kilichokufa. Mara nyingi ni uzito: watu wanakanyaga kama wanaogopa kuamsha mtoto.

Lililoniudhi ni hesabu. Kila kitu ni moja mpaka nane. Kwa bongo fleva, sawa. Siku ya muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, mwalimu akaendelea na nane zake. Binti mmoja wa Chamwino akamwambia, "Samahani mwalimu, hii kwetu hatuhesabu, tunamsikiliza anayeongoza ngoma." Mwalimu akacheka, akahesabu tena! Jamani, mkoa uliomtoa Hukwe Zawose, yule mwanamuziki maarufu wa Kigogo, haukosi mama wa kuja kupiga muheme jioni moja, naye mwalimu akakaa pembeni akasikiliza. Hapo kozi ingekamilika.

Wanaume msiogope, mko wachache mno kule. Na mkienda kumi wa kwaya moja mnapunguziwa bei. Ulizeni kabla ya kulipa, maana kwenye tangazo hawakuandika.