Kupiga pointi dohani ya nyumba ya zamani: pauni 1,980 zetu zilikwenda wapi

Naandika haya kwa mwenye nyumba ya zamani huku Uingereza ambaye anajiuliza itamgharimu kiasi gani kupiga pointi dohani upya, yaani kukwangua udongo uliochakaa katikati ya matofali na kushindilia mwingine. Sisi tulilipa pauni 1,980. Tuligawana na jirani, kila nyumba ikatoa 990. Fundi wa kwanza alitaka 450 tu, na nilibakisha kidogo nimkubalie.

Tunakaa Northampton, katika zile safu za nyumba za matofali mekundu zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, mji ulipokuwa ukiishi kwa viwanda vya viatu. Nyumba zimeshikana ubavu kwa ubavu, na dohani imekaa juu ya ukuta wa katikati, nusu yetu, nusu ya jirani. Baada ya mvua za Novemba doa lilitokea kwenye dari ya chumba cha juu, palepale dohani inapopita. Lilianza kama kisahani cha kikombe. Kufika Januari limeshakuwa sinia. Chini, kwenye meko ya zamani, kila upepo ukivuma asubuhi nakuta mchanga umemwagika. Mchanga ule ulikuwa ndio udongo wa viungo, yaani wa zile nafasi za katikati ya matofali.

Huyo fundi wa kwanza alisimama barabarani, akatazama juu, akasema ataegesha ngazi, atapaka saruji, siku moja kazi imekwisha, malipo taslimu. Usiku nikampigia ami yangu Unguja, ambaye amekuwa mwashi Mji Mkongwe tangu ujana wake. Nilikuwa nimeshamtumia picha.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Nyumba hii ya lini?"

Nikamwambia ina zaidi ya miaka mia na ishirini.

"Basi hiyo imejengwa kwa chokaa. Usimwache mtu akaitia saruji."

Ami ameona nyumba nyingi za mawe ya matumbawe zikiharibika kwa kupigwa plasta ya saruji: unyevu unaingia ukutani, hauna pa kutokea, mwisho plasta inavimba na jiwe linamumunyuka kwa ndani. Huku mambo ni yale yale, ila pana na baridi. Tofali la zamani ni laini. Ukilizungushia saruji iliyo ngumu kulishinda, maji hayawezi kupita kwenye kiungo, yanatokea kwenye uso wa tofali. Yakiganda yanatanuka, na uso ule unabanduka kama ganda. Kiungo cha chokaa kinaliwa chenyewe, tofali likasalimika, na kiungo unakitengeneza tena baada ya miaka mingi.

Nikatafuta mwashi anayejua chokaa. Huyu alipanda kwanza akapiga picha, ndipo akataja bei, nayo akaiandika sehemu kwa sehemu: jukwaa pauni 780, kupiga pointi pande zote nne 690, kutengeneza upya kile kilele cha udongo kinachoshika vile vyungu vya juu vya kutolea moshi 210, kubadilisha karatasi ya madini ya risasi inayozuia maji pale dohani inapokutana na vigae 180. Jumla 1,860. Yeye mwenyewe hatozi VAT, kwa sababu mauzo yake hayafiki kiwango cha kusajiliwa cha pauni 90,000 kwa mwaka.

Ni jukwaa lililonishtua. Karibu pauni mbili katika kila tano zilikwenda kwenye mabomba na mbao zitakazoondoka. Lakini kwenye ngazi mtu hawezi kufanya kazi ya mikono miwili kuzunguka pande nne, na sikutaka mtu aanguke kutoka juu ya paa langu. Maadamu jukwaa limeshasimama, fanyeni kila kitu cha huko juu kwa mara moja, kwa sababu kulirudisha ni kulipa upya. Risasi ile ingeweza kuvumilia miaka michache zaidi, tukaibadilisha kwa sababu hiyo tu.

Bibi wa jirani, mjane wa miaka themanini na kitu, alisita mpaka nilipomwonesha zile picha. Akavaa miwani, akazitazama kimya, akaniuliza tu lini atoe hundi yake.

Kazi ilingoja Aprili, kwa kuwa chokaa haifai kupigwa penye baridi ya chini ya nyuzi 5. Siku ya pili mwashi aliniita nipande. Upande wa kusini-magharibi, unaopigwa na mvua za upepo, nilitia kidole kwenye kiungo kikazama mpaka fundo la kwanza. Na pale mwenye nyumba wa zamani alipowahi kuziba kwa saruji, saruji ilikuwa nzima kabisa, imesimama kama ukingo, huku matofali 8 yanayoizunguka yamebanduka nyuso. Hayo hayakuwa kwenye hesabu. Kuyatoa na kuweka mengine ya zamani ilikuwa pauni 15 kila moja, ndiyo ile 120 iliyoongezeka.

Alikwangua kwa nyundo na patasi, hakutumia mashine ya kukatia, maana ile hukata na kingo za tofali. Akaosha, akalowesha, akachanganya sehemu moja ya chokaa, mfuko wenye alama NHL 3.5, yaani chokaa inayokaza kwa maji, kwa tatu za mchanga mkali. Akawa anashindilia kwa chuma chembamba kama kidole. Chokaa ilipoanza kukaza aliipigapiga kwa brashi ngumu, kisha akaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Harufu ile ya chokaa mbichi na gunia nilikuwa sijainusa tangu nilipoondoka nyumbani. Nilishikwa na machozi pale juu.

Nampa nyota nne. Ya tano ameikosa kwa sababu jukwaa lilikaa siku kumi na moja tupu kabla hajatokea, na nilipiga simu mara tatu bila kujibiwa. Pia chokaa ilimdondokea bibi wa jirani kwenye madirisha. Alirudi kuyasafisha, ila baada ya kukumbushwa. Kazi yenyewe sina neno nayo.

Ukuta mnene haukauki kwa wiki mbili, kwa hiyo dari sijaipaka rangi. Kila mwanzo wa mwezi nachora ukingo wa doa kwa penseli. Septemba ilinyesha siku tatu mfululizo, nikapanda kwenye kiti kutazama. Bado lilikuwa ndani ya mstari wa Mei.